"Dada, Ni Unavyoendesha": Historia ya Giaboksi za Oto Zilizotesa Watu Kwenye Gari Karibu Mpya

Leo mambo ya mastaa tunayaweka pembeni kidogo, yapo tu hayaishi. Kuna stori imenikaa kichwani mwezi mzima sasa, acha niitue hapa.

Kuna dada mmoja tunafahamiana, jina tunaliacha kapuni. Anaishi Tabata, ana saluni yake. Mwaka jana alichukua mkopo wa kikundi, akachanganya na akiba ya miaka minne, akanunua gari yadi. Ndogo, ya oto, kilomita 31,000 tu, kiti cha nyuma bado kina nailoni. Tukala pilau kabisa siku ile. Wiki ya tatu, kwenye foleni ya Buguruni, gari ikaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Akiachia breki isogee, inasita, halafu inaruka mbele kama imepigwa teke. Akairudisha yadi. Jamaa wakazunguka nayo mtaa mmoja, wakarudi wanacheka: "Dada, gari haina tatizo, ni unavyoendesha."

Amerudi pale mara nne. Jibu lile lile. Mara ya nne, anasema, alilia humo humo ndani ya gari huku daladala zinampigia honi. Siku hizi anapanda bodaboda, gari imelala chini ya mwarobaini na rejesho la mkopo linakatwa kila mwezi.

Mimi sio fundi, nimeishia form four na simu yangu ina bando. Nikaanza kuchimba. Nikakuta hiyo sentensi ya "ni unavyoendesha" ina historia ndefu kuliko umri wangu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1939 General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic, kwa ajili ya Oldsmobile za mwaka 1940. Ndiyo oto kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Ahadi yake ilikuwa tamu: hakuna pedeli ya klachi, kanyaga mafuta uende zako. Vita vilipokuja wakaifunga mpaka kwenye vifaru. Sasa angalia hapo. Kwenye gari ya gia za mkono, klachi ikiungua fundi anaweza kukusema na akawa na haki, maana mguu ni wako. Kwenye oto hujagusa chochote. Gia inabadilishwa na mafuta, vali na siku hizi kompyuta. Lawama za mguu zilitakiwa kuisha mwaka ule wa 1939, lakini wapi.

Miaka ya 1970 bei ya mafuta ikapanda, viwanda vikaanza kupunguza uzito wa magari. GM wakatoa giaboksi nyepesi, Turbo-Hydramatic 200. Zikaanza kufa mapema, malalamiko yakajaa mpaka serikali kuu ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara FTC, ikaingilia. Mwaka 1983 GM wakakubali malalamiko ya giaboksi hiyo na vipuri vingine viwili yapelekwe kwa wasuluhishi wa nje ya kampuni, nchi nzima. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1982, mbunge mmoja wa jimbo la Connecticut alipitisha sheria ya kwanza ya "limau". Wamarekani wakinunua gari mpya ikawa kimeo wanaiita limau. Sheria ilikuwa na hesabu rahisi mpaka mtoto anaelewa: tatizo moja likitengenezwa mara 4 bila kupona, au gari ikikaa gereji jumla ya siku 30, kampuni irudishe hela au itoe gari nyingine. Umeona? Hakuna mtu wa kuuliza unaendeshaje. Wanahesabu safari za gereji tu. Majimbo mengine yakafuata moja moja.

Haya, sasa tuje kwenye stori yenyewe iliyonifanya nikeshe.

Kuanzia mwaka 2010 na kuendelea, Ford waliingiza sokoni Fiesta na Focus zenye giaboksi inayoitwa PowerShift. Tuielewe kidogo maana ndipo utamu ulipo. Oto ya kawaida inapitisha nguvu ya injini kwa kutumia mafuta, kama feni mbili zinazotazamana ndani ya bwawa, moja ikizunguka inaisukuma nyingine. Ndiyo maana inaondoka laini. Lakini kuyakoroga hayo mafuta kunakula petroli. PowerShift ikaondoa bwawa. Ndani kuna klachi mbili kavu, moja inashika gia 1, 3 na 5, nyingine 2, 4 na 6, na kompyuta inazibonyeza yenyewe kwa mota za umeme. Yaani ni gari ya gia za mkono ambayo mguu wa dereva ni roboti. Kwenye karatasi inabana mafuta vizuri sana.

Kwenye foleni ni kitu kingine. Klachi kavu haipendi kuburuzwa, na foleni ni kuburuza tu, sogea kidogo, simama, sogea. Ikaanza kutetemeka. Halafu sili zikavujisha oili, ikadondokea kwenye klachi inayotakiwa kuwa kavu. Mwenye pikipiki anajua breki ikishika oili inakuwaje. Na ile kompyuta nayo ikawa na risasi zinazopasuka ndani, gari inapoteza nguvu ghafla. Hebu vuta picha uko barabara kuu, nyuma yako kuna lori.

Nchini Australia, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, ziliuzwa karibu 70,000 za Fiesta, Focus na EcoSport zenye giaboksi hiyo. Karibu nusu yake zilirudi gereji angalau mara moja kwa sababu ya giaboksi. Nusu! Na wateja waliporudi kulalamika, unajua waliambiwa nini? Kwamba mtetemo unatokana na wanavyoendesha. Nilivyosoma hapo nikaweka simu chini. Nikamtumia yule dada meseji saa sita usiku: "Hauko peke yako, wako wengi, wako Australia."

Na sio kwamba kampuni ilikuwa haijui. Hilo ndilo lililowaponza. Mwezi Julai 2017 tume ya kulinda walaji ya Australia, ACCC, ikawapeleka mahakamani. Ilivyokuja kuonekana, kati ya Mei na Novemba 2015 Ford walimrudishia mteja hela au kumpa gari nyingine bure, kama sheria ilivyotaka, mara saba tu. Saba, narudia. Wengine walipewa ofa ya kubadilisha gari kwa kuongeza hela, wastani wa dola 7,000 za Australia. Yaani umeuziwa kimeo, unaongeza hela ili kikuondoke. Halafu baadhi ya vile vimeo vilivyorudishwa vikauzwa tena kwa watu wengine bila kuelezwa vizuri vina nini. Mwezi Aprili 2018 mahakama ikawapiga faini ya dola milioni 10, na ikatamka kwamba walivyowatendea wateja wale ni kinyume cha utu wa biashara.

Faini inaenda serikalini lakini, sio mfukoni kwa aliyelia kwenye foleni. Ndiyo maana mama mmoja mwenye Focus (naye simtaji, alikuwa mtu wa kawaida tu na gari yake) alisimama kama mdai mkuu kwa niaba ya maelfu ya wenzake. Mwaka 2021 jaji akampa ushindi. Alichambua kipuri kimoja kimoja, sili, klachi, kompyuta, akasema gari zenye kasoro hizo hazikuwa na ubora unaokubalika tangu siku zinauzwa. Rufaa zikaendelea mpaka mahakama ya juu kabisa. Miaka inakatika, gari ile ile.

Marekani kwenyewe kesi ya pamoja ilihusu magari karibu milioni 1.9, ilifunguliwa 2012 na suluhu ikaidhinishwa na mahakama 2020. Katikati hapo, mwaka 2014, Ford waliongeza dhamana ya klachi mpaka miaka 7 au maili 100,000. Na Julai 2019 gazeti la Detroit Free Press likachapisha uchunguzi mrefu, nyaraka za ndani na wahandisi wa kampuni, kwamba kasoro zilijulikana kabla magari hayajaingia sokoni. Hao wahandisi ndio nawawaza sana. Mtu ameandika ripoti, ameitoa, kesho yake anaona tangazo la gari ile ile kwenye TV na msichana anatabasamu.

Kampuni sio hiyo moja, tuwe wakweli. China mwaka 2013, siku ya walaji tarehe 15 Machi, televisheni ya taifa ilirusha kipindi kuhusu giaboksi za Volkswagen zenye klachi mbili, siku chache baadaye zikaitwa gari 384,181. Nissan nao mwaka 2009 waliongeza dhamana ya giaboksi zao za CVT huko Marekani.

Hiyo CVT ndiyo ilinirudisha Tabata. Gari ya dada yetu ni CVT. Haina gia kabisa, ni mkanda wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kubana. Inataka oili yake maalumu ya CVT. Ukiiwekea ATF ya oto ya kawaida, mkanda haushiki sawasawa, inaanza kutetemeka na kuruka. Fundi mwingine, kijana wa Ilala mkimya sana, alimuuliza swali moja tu ambalo pale yadi hawakuwahi kuuliza: "Oili iliyomo ni gani?"

Dada akasema yeye hajabadilisha chochote. Kijana akamwambia alete karatasi zote alizopewa siku ya kununua. Wakazimwaga kwenye boneti. Katikati kulikuwa na risiti ya servisi ambayo yadi waliifanya kabla ya kumkabidhi, ile waliyomwambia ni zawadi. Mstari wa tatu kwa peni ya bluu: ATF, lita 4.

Wametoa ile oili, imetoka nyeusi na vumbi la chuma linang'aa. Kama mkanda umeshakwaruzika au la, kijana anasema atajua akifungua, na kufungua ni hela. Yadi wamepelekewa picha ya risiti WhatsApp. Tiki mbili za bluu, kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu ya kumlinda mlaji na tume yake, FCC, ipo hapa hapa mjini, kwa hiyo jana tumekaa saluni kwake tunaandika barua, mimi naandika yeye anasuka mteja huku ananitajia tarehe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zote anazikumbuka kwa kichwa.

Wewe uliwahi kuambiwa hiyo sentensi? Gari gani, na ilikuwa mara ya ngapi? Funguka hapo chini, majina ya yadi msiweke.