Shamba la Whitney

Shamba la Whitney ni makumbusho ya utumwa katika jimbo la Louisiana, nchini Marekani. Liko karibu na Wallace, ukingoni mwa mto Mississippi, upande wa magharibi wa jiji la New Orleans.

Historia

Shamba lilianzishwa mwaka 1752 na Ambroise Heidel, mhamiaji kutoka Ujerumani. Mwanzoni lilizalisha nili, yaani rangi ya buluu itokanayo na mmea. Baadaye miwa ikawa zao kuu. Kulima, kukata miwa na kuchemsha sukari zilikuwa kazi za watumwa wenye asili ya Afrika. Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Miaka miwili baadaye shamba lilinunuliwa na Bradish Johnson, aliyelipa jina la ukoo wa mjukuu wake, Whitney.

Mwanasheria John Cummings alilinunua mwishoni mwa karne ya 20 na kulikarabati, akisaidiwa na Ibrahima Seck, mwanahistoria kutoka Senegal. Lilifunguliwa kwa wageni Desemba 2014.

Makumbusho

Katika mashamba mengi ya namna hii, wageni huonyeshwa zaidi samani na utajiri wa wenye mali. Whitney huanza na watumwa. Nyumba kubwa ya mabwana, iliyojengwa kwa mtindo wa Kikreoli, ipo, lakini si kiini cha ziara. Wageni huona pia vibanda vya watumwa, jiko, na kanisa lililojengwa na watu waliopata uhuru, ambalo lilihamishiwa hapo.

Kumbukumbu kuu ni hizi:
- Ukuta wa Heshima, wenye majina ya watu zaidi ya 350 waliotumikishwa shambani hapo.
- Kumbukumbu ya Gwendolyn Midlo Hall, mwanahistoria aliyekusanya habari za watumwa wa Louisiana; ina majina zaidi ya 100,000.
- Uwanja wa Malaika, kwa ajili ya watoto 2,200 hivi waliofariki utumwani katika eneo hilo.
- Kumbukumbu ya uasi wa watumwa wa Januari 1811, ulioongozwa na Charles Deslondes.

Mengi ya majina hayo yalipatikana katika hati za mauzo na za mirathi, ambamo watu waliorodheshwa pamoja na bei zao, kama mali. Hati zilizowahesabu kama bidhaa ndizo leo zinazowarudishia majina yao.