Fishi zetu za opitali, toka 1996 mpaka leo



Vita ya 1996 ilipofika Uvira na Fizi, wengi wetu tulivuka ziwa na watoto tu mikononi. Fishi zetu zilibaki mu makabati ya vituo vya afya. Kule Kigoma, mu kambi za Nyarugusu na Lugufu, tulianza upya: munganga anauliza, sisi tunakumbuka. Aliyesahau jina la dawa yake alipimwa tena toka mwanzo.

Mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha Baraka. Safari hii karatasi za chanjo tulizifunga mu plastiki. Mafuriko ya Aprili 2020 yalipoingia nyumba za Uvira, zilizofungwa vizuri ndizo zilipona.

Lakini karatasi kupona haitoshi. Mwenzetu mmoja aliitwa mbele ya foleni yote: «Weye wa dawa ya kila siku, kuya!» Hakurudi tena. Mwengine anatembea na fimbo mbili. Ngazi ilimushinda, akaelezea ugonjwa wake inje, watu wanasikia. Hapo tulielewa: asiyeweza kuingia, hana siri.

Sheria ya Mei 2022 inalinda wenye ulemavu. Ile ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda habari za mtu. Basi tuombe kuitwa kwa namba. Asiyesikia ao asiyeona vizuri aseme mapema, iandikwe mu fishi.

Na wafadhili wakiuliza tunahitaji nini: ubao wa kupandia mlangoni, na kabati yenye kufuli.