Masizi, Unga na Rangi

Mwaka 1932 studio ya Hal Roach huko California ilitoa filamu fupi iitwayo The Music Box. Wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy wanapandisha piano kwenye ngazi ndefu ya nje jijini Los Angeles. Piano inateremka yenyewe, wanaikimbilia, wanaipandisha tena. Filamu haifiki nusu saa, na ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza ya Oscar kutengwa kwa ajili ya filamu fupi ya vichekesho. Zaidi ya miaka hamsini baadaye filamu hiyohiyo, pamoja na Helpmates ya mwaka uleule, iliingia madukani kwenye mikanda ya video ikiwa imetiwa rangi. Wanunuzi waliambiwa kwamba wameletewa filamu ya zamani iliyofanywa mpya, kana kwamba kuipaka rangi na kuikarabati ni kazi moja. Ni kazi mbili, na kila moja ilikuwa na bwana wake. Rangi ilitumikia hakimiliki na ratiba za televisheni. Ukarabati ulitumikia kichekesho chenyewe.

Rangi ilianzia kwenye fedha. Kwa sheria ya Marekani iliyozisimamia filamu hizo, ulinzi wa kwanza ulidumu miaka 28, kisha mwenye filamu alipaswa kuomba kipindi cha pili; asiyeomba alipoteza haki yake. It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946, ikawa mali ya umma mwaka 1974 kwa sababu hakuna aliyeomba. Hivyo hivyo zilipoteza ulinzi filamu nne kati ya 190 ambazo wachekeshaji Three Stooges walizitoa kupitia Columbia kuanzia 1934 hadi 1959. Ndiyo maana Disorder in the Court na Malice in the Palace ziliuzwa miaka mingi na yeyote mwenye mashine ya kunakili, na nakala zilikuwa nakala za nakala, nyuso zimefifia na sauti inakwaruza. Juni 1987 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba filamu iliyotiwa rangi inaweza kusajiliwa kuwa kazi mpya iliyotokana na ya zamani, mradi rangi zimechaguliwa na mtu kwa ubunifu wa kutosha. Aliyepaka rangi filamu isiyo na mwenyewe akapata kitu cha kumiliki, na aliyekuwa na filamu yenye mmiliki akapata ulinzi wa ziada juu ya toleo lake. Ukiongeza kwamba vituo vya televisheni vilikwisha kuziondoa filamu nyeusi na nyeupe kwenye saa zenye watazamaji wengi, utaelewa kwa nini watu walikuwa tayari kulipa maelfu ya dola kwa kila dakika moja ya picha.

Teknolojia iliyowavutia ilitoka Toronto, kwa Wilson Markle na kampuni yake ya Colorization. Mteja wake mkubwa wa mwanzo alikuwa kampuni iliyobeba jina la Hal Roach, ingawa Roach mwenyewe alikwisha kuiachia zamani. Way Out West na Topper, zote za mwaka 1937, zilikuwa kati ya filamu za kwanza kupita kwenye mashine hizo. Tajiri wa televisheni Ted Turner aliponunua hazina ya filamu za MGM mwaka 1986 na kuanza kuzipaka rangi, ugomvi ukalipuka: mkurugenzi Woody Allen na wenzake wakaenda mbele ya Seneti ya Marekani mwaka 1987, na huko Ufaransa warithi wa mkurugenzi John Huston wakafungua kesi dhidi ya kituo cha televisheni cha La Cinq kuhusu toleo la rangi la filamu yake The Asphalt Jungle, kesi waliyoshinda katika mahakama ya juu kabisa mwaka 1991. Ugomvi huo ulikuwa wa haki, lakini ulimhusu zaidi mkurugenzi mwenye jina na filamu ndefu yenye heshima. Filamu fupi za vichekesho hazikuwa na mtetezi wa aina hiyo. James Parrott, aliyeongoza The Music Box, alikufa mwaka 1939. Hardy alifariki 1957 na Laurel 1965. Kwa hiyo swali lililopaswa kuulizwa kwanza halikupata nafasi, nalo ni hili: rangi inaufanyia nini mzaha?

Jibu limo ndani ya picha zenyewe. Vichekesho hivi vilitengenezwa na watu walioshughulika na mweusi na mweupe kila siku, na mizaha mingi imejengwa juu ya tofauti hiyo. Katika Helpmates, Hardy anamwagikiwa masizi, kisha unga, huku akijitahidi kusafisha nyumba kabla mkewe hajarudi; mtu mzima anageuka mweusi, anageuka mweupe, na jicho halihitaji kuelezwa lolote. Mwishoni mwa The Music Box, profesa mwenye hasira anaombwa kutia sahihi, na kalamu inamrushia wino usoni. Wino mweusi juu ya uso mweupe ndio nukta ya mwisho ya filamu. Sasa mpe huyo profesa ngozi ya rangi ya chungwa hafifu, ukuta wa kijani na pazia jekundu: wino unakuwa kitu kimoja kati ya vitu vitano vinavyoita jicho kwa wakati mmoja. Mzaha wa aina hii unategemea sehemu ndogo ya sekunde. Jicho likichelewa, kicheko nacho kinachelewa, na kicheko kilichochelewa mara nyingi hakiji kabisa.

Tena kijivu hakisemi kilitokana na rangi gani. Filamu za kupigia picha zilizotumika hadi miaka ya ishirini hazikuuona wekundu, hivyo mdomo mwekundu ulitoka karibu mweusi, na bluu hafifu ilitoka kama nyeupe. Macho ya Laurel yalikuwa ya bluu hafifu, na Roach alisimulia kwamba yalikuwa yakipotea kwenye picha mpaka zilipokuja filamu zilizoziona rangi zote. Waigizaji walijipodoa, na mafundi wakachagua nguo na kuta, kwa kuangalia kitakachotokea kwenye kijivu. Mpakaji rangi wa mwaka 1985 aliukuta mwangaza uliopimwa kwa uangalifu, akauwekea juu yake rangi za kukisia. Alichodai kurudisha hakikuwahi kuwapo mbele ya mtazamaji yeyote.

Pingamizi la kwanza ni zito: filamu za mwanzo zilikuwa na rangi. Ni kweli. Georges Méliès alipeleka filamu zake kwenye karakana ya Elisabeth Thuillier mjini Paris, ambako wanawake walipaka picha moja moja kwa mkono, na nakala ya namna hiyo ya Le Voyage dans la Lune ilionyeshwa tena mwaka 2011 baada ya ukarabati mrefu. Filamu bubu nyingi zilichovywa bluu kwa usiku na kahawia kwa chumba chenye taa. Lakini rangi hizo zilikuwa sehemu ya kazi tangu ilipotoka kiwandani, na anayezirudisha leo anafuata ushahidi wa nakala iliyobaki. Haziwezi kuwa kibali cha kuipaka The Music Box, ambayo haikuwahi kuwa nazo. Wapo pia wasanii waliobariki rangi kwa kazi zao, kama mtaalamu wa madoido ya filamu Ray Harryhausen, na mtu akiwa hai akasema hivyo ndivyo angetaka, neno lake lina uzito. Laurel hakuulizwa.

Pingamizi la pili ni kwamba hakuna kilichoharibiwa: asiyependa rangi aipunguze kwenye televisheni yake. Jibu hili lilitolewa mara nyingi na lilisikika la busara. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji akiiondoa rangi anabaki na picha ya mkanda wa video wa mistari 525, iliyopita kwenye mashine zilizolainisha kingo na kusogeza weusi na weupe karibu karibu. Filamu yenyewe, ya milimita 35, iko ghalani. Na ghala hilo si mahali salama. Filamu za zama zile zilikuwa za nitrati, kemikali inayowaka kwa moto mkali na kuoza hata pasipo moto. Hats Off ya mwaka 1927, ambamo Laurel na Hardy walitumia ngazi zilezile za The Music Box, haijulikani iliko mpaka leo. Kila dola iliyokwenda kuchagua rangi ya koti ilikuwa dola ambayo ingeweza kunakili negativu kabla haijageuka unga. Nakiri kwamba mara nyingine rangi ilileta fedha za kutafutia nakala safi zaidi, maana mashine nayo ilihitaji picha nzuri ya kuanzia. Hiyo ni faida ya kweli, na wanaochukia rangi huisahau.

Pingamizi la tatu, kwamba vijana hawatazami picha zisizo na rangi, limejibiwa na soko. Agosti 2004 Sony ilitoa diski mbili za Three Stooges, Goofs on the Loose na Stooged & Confoosed, ambazo mtazamaji aliweza kubadili kati ya rangi na picha asilia kwa kubonyeza kitufe. Huo ulikuwa uungwana ambao mikanda ya miaka ya themanini haikuwa nao, na ulimwezesha kila mtu kulinganisha kwa macho yake. Mwaka 2007 kampuni hiyohiyo ilianza mfululizo mwingine: filamu zote kwa kufuata miaka, zimesafishwa, nyeusi na nyeupe. Mfululizo ulifika juzuu ya nane na kuzimaliza zote 190. Kampuni ya biashara haichapishi juzuu nane kwa ajili ya wasomi wachache. Watu walitaka filamu zilizokamilika, zenye mpangilio, zinazoonekana vizuri, na rangi haikuwa sharti.

Ukarabati nao unaweza kukosea; programu ya kufuta mikwaruzo inaweza kufuta chembechembe za filamu na kuwafanya watu waonekane wa plastiki. Tofauti ni kwamba kosa hilo linaweza kupimwa dhidi ya kitu. Maktaba ya filamu ya Bologna, taasisi ya filamu ya Uingereza na Lobster Films ya Paris ziliposhughulikia filamu za Charlie Chaplin za studio ya Keystone za mwaka 1914, zililinganisha nakala zilizotoka nchi mbalimbali, zikachukua onyesho hapa na kichwa cha maandishi pale, hadi filamu hizo zikatoka kwenye diski mwaka 2010. Mwaka 2015 mkusanyaji Jon Mirsalis aligundua rili ya pili ya The Battle of the Century ya Laurel na Hardy, ya 1927, ile ya vita vikubwa vya pai, ambayo kwa miongo mingi ilijulikana kwa vipande tu. Mwaka 2020 ilitoka kwenye mkusanyiko wa filamu zao zilizokarabatiwa. Onyesho moja, ambamo mwigizaji Eugene Pallette anauza bima, bado halijapatikana, na mahali pake wakarabati wameweka picha za mnato na maandishi.