Waridi la Jangwani

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ule mmea wa ajabu ulao wadudu, ambao picha yake aliiona kitabuni, waweza kustawi katika bustani ya Garissa. Swali lake lilikuwa jema, nami nataka wewe msomaji ulifikiri pamoja nami.

Ncha za majani ya mmea ule zimeumbwa mfano wa mitungi midogo yenye maji ndani. Mdudu akiteleza humo hatoki. Huyeyuka, na mmea hujipatia chakula. Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa liwali wa Fort Dauphin katika Madagaska, aliandika habari zake mwaka wa 1658, na jamaa yake mwingine huota Shelisheli hata leo. Mmea huu hula wadudu kwa sababu udongo wa kwao ni maskini. Maji hayaupi taabu, maana hewa ya huko ina unyevu mwingi. Uulete Garissa, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 500, nao utakauka kabla ya kumnasa nzi wa kwanza.

Walakini Garissa ina ajabu yake yenyewe. Toka mjini uelekee nyikani wakati wa jilal, kiangazi kile kikali, na huenda ukaona kitu kama kibuyu kilichozikwa nusu, hakina hata jani moja, nacho kimevikwa maua ya rangi ya waridi. Hilo ndilo waridi la jangwani, ingawa kwa ukoo si waridi. Mwenzake wa Madagaska amejifunza kuvumilia njaa. Hili limejifunza kuvumilia kiu, na shina lake lililovimba ni ghala ya maji.

Jina lake katika vitabu vya elimu lilinunuliwa kwa thamani kubwa. Mwezi wa Januari mwaka 1761 watu sita waliondoka Copenhagen, wametumwa na Frederick wa Tano, mfalme wa Denmark, kwenda kuchunguza Bara Arabu. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea. Walipitia Misri, wakafika Yemeni mwisho wa mwaka 1762. Forsskål alipanda milima na kushuka mabonde akikusanya majani na mbegu, na majina ya mimea aliwauliza wenyeji, akayaandika kama alivyoyasikia kwa Kiarabu. Hapo namsifu, kwa kuwa wasafiri wengi wa zamani hawakuona haja ya kuuliza. Tusidhani kwamba yeye ndiye aliyeligundua ua hili. Wachungaji wa Yemeni na wa nchi za Wasomali walilijua kabla babu yake hajazaliwa.

Julai mwaka 1763 homa ya malaria ilimwua katika mji wa Yarim. Umri wake ulikuwa miaka 31. Kufikia mwaka wa 1764 watano kati ya wale sita walikuwa wamekufa, akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Huyu alizihifadhi karatasi za marehemu rafiki yake, akazipiga chapa mwaka 1775, na ndani yake limo ua letu. Forsskål alilihesabu katika jamaa ya oliandi, akaliita *obesum*, yaani nene. Mwaka 1819 wataalamu wengine walilitenga, wakalipa jina la *Adenium*, lenye mnasaba na Aden.

Leo ua hili hupandwa kwa maelfu katika bustani za Thailand na Taiwan, na watu hulinunua kwa fedha nyingi. Kwetu tumelizoea mno hata hatulitazami, au tunaling'oa. Nami nimo katika kosa hili. Nilipokuwa kijana nilichimba moja kubwa, nikalipanda katika debe, nikalimwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Baada ya wiki chache niligusa shina, kidole kikazama ndani. Lilikuwa limeoza. Mmea huu hukua polepole sana, na yamkini lile nililoliua lilikuwa na umri kunishinda.

Basi wewe, ukitaka kulipanda, liache lililo kubwa nyikani. Tafuta matunda yake, yaliyo mawili mawili mfano wa pembe, uyafunge kwa kitambaa kabla hayajapasuka, kwani kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo huichukua mara moja. Nawa mikono baadaye: utomvu wake ni sumu, na Wahadzabe wa Tanzania huuchemsha wakapaka mishale. Panda mbegu katika mchanga, ndani ya kopo lililotobolewa chini. Zitaota kwa muda wa wiki moja hivi. Usimwagilie tena mpaka udongo ukauke, na wakati wa jilal, majani yapukutikapo, weka maji kando hata mvua za gu.