Simu Ndani ya Juala

Pale stage ya 46, Kawangware, kuna kibanda cha vifaa vya simu ambacho napenda kupitia nikiwa sina haraka. Jamaa amepanga chaja, kava na vioo, na kwenye msumari wa juu kabisa ametundika pochi za plastiki zisizoingiza maji. Ndani ya kila pochi kuna kikaratasi chenye picha: mzungu ameketi kwenye kayak ya manjano, anavua samaki, simu inaning'inia kifuani. Shilingi 250.

"Hii nani hununua huku?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wasee wa boda, buda. Mvua ikianza zinaisha. Halafu kuna wale wa kutuma ushago, huko ziwani."

Kawangware hakuna mahali pa kupiga kasia. Kibera angalau inapakana na Nairobi Dam, bwawa lililojengwa 1953 kuwa akiba ya maji ya jiji. Kulikuwa na klabu ya mashua ukingoni, na wenye nafasi zao walikuwa wakitandaza tanga pale. Leo ukisimama upande wa Silanga unaona magugu maji na taka zilizoletwa na mto. Kayak ya yule mzungu ingekwama kabla hajatia ndoano. Lakini neno "ziwani" ndilo lilinishika. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa omena huko Mbita kabla aje Kibera, na hadithi ya hiyo pochi naijua kupitia kwake, tangu siku ilipokuwa juala tu.

Simu yake ya kwanza ilikuwa Nokia 1100. Modeli hiyo ilitoka 2003, na Nokia waliitengeneza wakifikiria watu wa nchi kama zetu: vibonye vilifunikwa na mpira mmoja usioingiza vumbi, na kulikuwa na tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Vumbi waliliwaza, maji hapana. Na omena huvuliwa usiku, giza la bila mwezi, taa za karabai zikielea juu ya maji ili samaki wazifuate. Mtu analowa kuanzia jioni hadi alfajiri.

Basi wavuvi wakajitengenezea. Mjomba alinionyesha mara nyingi, kwa sababu nilipokuwa mdogo niliuona kama uchawi. Unaweka simu kwenye juala, halafu kabla ya kufunga unapuliza hewa ndani. Unasokota mdomo, unafunga na raba. Unachukua juala la pili, unaingiza la kwanza kichwa chini, unafunga tena. Ile hewa ndiyo siri: ikianguka, inaelea. Wengine walitumia kondomu za bure za zahanati. Anasema ni nzuri kuliko juala, unabonyeza namba na kuongea bila kufungua. Mama alikuwa akimkataza kusema hiyo mbele yetu.

Nilikuja kusoma kwamba kayak yenyewe ni ya Wainuit, wawindaji wa Aktiki, waliyoitengeneza kwa ngozi kwenye fremu nyepesi. Na wao walipuliza ngozi nzima ya sili ikajaa hewa kama mpira, wakaifunga kwenye kamba ya chusa, ili mnyama akichomwa asizame na chusa isipotee. Wazo ni lile lile la Mbita, barafu na joto zikiwa kati.

Kwa nini kubeba simu majini kabisa? Si ungeiacha nyumbani? Hapo ndipo mama anaingia. Mama alikuwa akiuza omena Gatwekera, kwa gorogoro na kwa kikombe. Kabla ya simu, gunia lilifika na basi na bei ilikuwa ile aliyosema aliyelileta. Sasa mjomba angepiga akiwa bado hajafika ufuoni: leo ni nyingi, usikubali bei ya jana. Kabla niache chuo, mhadhiri mmoja wa uchumi alitusomesha utafiti wa Robert Jensen, uliochapishwa 2007, kuhusu wavuvi wa Kerala, India. Simu zilipofika huko kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kuuliza bei wakiwa baharini, bei za soko moja na jingine zikakaribiana, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha karibu wote. Darasa zima liliandika. Mimi nilikaa nikimfikiria mama na kikombe chake. Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na ile simu ndani ya juala ikawa pia pochi ya pesa.

Mwaka wa 2009, usiku mmoja, juala lilimkera shingoni. Akalitoa, akaliweka kwenye mkebe uliofungwa kwa kamba kwenye ubao wa mtumbwi. Upepo ukaja. Mtumbwi ukapinduka, na mjomba akashikilia mtungi mtupu wa lita 20 hadi kulipokucha, wenzake wa mtumbwi mwingine walipomwona. Mtumbwi wake ulikuwa umeshaenda na mkebe. Ulipatikana siku nne baadaye, mtupu.

Huku Kibera tulisikia tu kwamba mitumbwi imepinduka. Mama alipiga siku nzima. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ile sauti ya mama wa watu, tulivu kabisa, inaambia mtu hivyo mara arubaini. Jioni majirani walianza kuja, wakakaa kimya. Mtu akauliza mambo ya kusafirisha mwili, mama akamfukuza. Nilikuwa na miaka kumi.

Siku ya pili ikaingia namba ngeni. Mama hakutaka kushika. Dada yangu akashika, akampa. Alimtusi mjomba kwanza, matusi ambayo sikujua anayajua, ndipo akalia.

Wanaovua kwa kayak wana kanuni hii, na iko sawa: simu ifungwe kwenye mwili wako, kwenye jaketi la kuokolea, usiifunge kwenye chombo. Chombo kikienda, kinaenda na sauti yako. Mjomba hakuhitaji kusomewa.

Kulikuwa na shilingi 4,000 kwenye ile laini. Kitambulisho chake kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, kikavu. Akaenda nacho mjini, akapewa laini mpya ya namba ile ile, na pesa zote zilikuwepo. Hilo lilimshangaza kuliko kuokoka.

Agosti 28, 2017, majuala yakapigwa marufuku Kenya, faini hadi shilingi milioni 4 au jela hadi miaka minne. Mjomba alikuwa ameshahamia Kibera, anafanya mjengo, na bado alifunga simu yake wakati wa mvua. Akahamia kwa karatasi ya mkate, kwa kuwa vifungashio vya kiwandani havikuguswa. Ni fupi, analalamika, na haisokoteki vizuri.

Mvua za Aprili 2024 mto uliingia kwake usiku. Simu ilikuwa chini, kwenye chaja, ikazama. Jirani akasisitiza itiwe kwenye mchele, tukaitia, ingawa mwaka huo huo Apple walikuwa wamewaambia wenye iPhone wasifanye hivyo kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuharibu simu. Haikuwaka. Ilikuwa tu simu ya Kichina, lakini tuliilia kidogo.

Kitambulisho chake kilikuwa kwenye karatasi ya mkate, imepulizwa hewa, imefungwa na raba, juu kwenye mabati.

Basi juzi nilinunua pochi mbili pale 46. Jamaa akaniachia kwa 400. Nikampelekea mjomba, akatoa ile picha ya mzungu, akaitazama muda mrefu.

"Huyu anavua nini na kitu kidogo hivi?"

Kwenye pochi ya kwanza aliweka kitambulisho na kadi ya hospitali. Kwenye ya pili, stakabadhi za kodi ya nyumba na picha ya mama. Akapuliza hewa, akafunga, akatundika juu. Simu akairudisha kwenye mfuko wa shati.