Aasif Karim: Mrushaji wa Mombasa aliyewabana mabingwa wa dunia

Huku Kiongoroni, kama kwingine katika delta ya Rufiji, ukitaja mchezo watu wanaelewa soka. Kriketi iko mbali nasi. Lakini mmoja wa warushaji waliowashangaza wapenzi wa kriketi duniani ni mtoto wa pwani hii hii ya Waswahili: Aasif Karim, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1963.

Riziki yake ilitoka kwenye biashara ya bima, si uwanjani. Tenisi nayo aliimudu hadi akaiwakilisha Kenya katika Kombe la Davis. Mwaka 1996 alikuwemo kikosini Kenya ilipoiangusha West Indies mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia la kriketi. Kombe la 1999 akawa nahodha, kisha akastaafu.

Mwaka 2003 akaitwa tena kwa Kombe la Dunia, miaka 39 mgongoni. Machi 15, jijini Durban, Kenya ilikutana na Australia, mabingwa watetezi. Kenya ilipata mikimbio (yaani pointi) 174 tu. Adam Gilchrist wa Australia akajibu kwa mikimbio 67 ndani ya mipira 43, na mechi ikaonekana imekwisha mapema.

Ndipo Karim akapewa mpira. Hakuwa na kasi hata kidogo. Alirusha kwa mkono wa kushoto, taratibu, mpira ukitua palepale panapomtia mpigaji mashakani: akiuacha utaangusha vijiti vya nyuma yake, naye atoke; akiupiga ovyo atadakwa. Nahodha Ricky Ponting aliuzuia kwa mguu ukiwa njiani kuelekea vijitini, mwamuzi akamtoa. Darren Lehmann akafuata. Brad Hogg akaurudisha mpira mikononi mwa Karim mwenyewe, akadakwa bila kupata kitu.

Mipira 50 aliyorusha siku ile iliwapa Waaustralia mikimbio 7 tu, ikawatoa wapigaji 3. Ova ni mipira 6. Yeye alimaliza ova 6 nzima bila kuruhusu hata mkimbio mmoja. Mbele ya timu iliyolitwaa kombe hilo bila kupoteza mechi, huo ulikuwa ufundi mtupu, wala haikuwa bahati.

Australia walishinda, maana walichobakiza kilikuwa kidogo. Hata hivyo tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwa Karim, na alistahili. Siku 5 baadaye, katika nusu fainali dhidi ya India, alicheza mechi yake ya mwisho ya kimataifa. Mwanawe, Irfan, naye ameichezea Kenya.