Mfungo wa vipindi: unamfaa nani

Mfungo wa vipindi ni utaratibu wa kula unaotenga saa au siku za kula na saa au siku za kukaa bila chakula. Haupangi ule nini, unapanga ule lini. Maji, na chai ya rangi au kahawa zisizo na sukari, huruhusiwa wakati wote. Hapo unatofautiana na saumu ya Ramadhani, ambayo mchana haina hata tone la maji, na ambayo ni ibada, si njia ya kupunguza unene.

Aina iliyoenea zaidi ni ya 16:8: mtu hukaa saa 16 bila kula, kisha milo yake yote huingia ndani ya saa 8, tuseme kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Aina ya 5:2 ilivuma Uingereza mwaka 2012 baada ya daktari na mtangazaji Michael Mosley kuieleza kwenye televisheni. Siku tano za wiki mtu hula kama kawaida, na siku mbili hujibana kwenye kalori 500 akiwa mwanamke au 600 akiwa mwanamume. Waislamu wanaofunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi watauona mpangilio huo si mgeni. Ipo pia aina ya kupishanisha, leo kufunga na kesho kula, nayo ndiyo ngumu kuliko zote.

Mtu akishakula, kongosho hutoa insulini, sukari huingia kwenye seli, na ziada huhifadhiwa kwenye misuli na ini kama glikojeni. Akiba ya ini ni gramu 100 hivi tu. Saa zinavyopita bila chakula, insulini hushuka, akiba hiyo hupungua, na mwili huanza kutegemea mafuta zaidi. Ini nalo huanza kuyageuza mafuta kuwa ketoni. Wanaoupigia debe mfungo hudai pia kwamba kukaa bila kula huzifanya seli zijisafishe, na hupenda kumtaja Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kufafanua jinsi seli zinavyomeng'enya sehemu zake zilizochakaa. Wasichosema ni kwamba kazi yake kubwa aliifanya kwa kuchunguza hamira. Hakuna kipimo cha kawaida hospitalini cha kumwonyesha aliyeruka staftahi kwamba seli zake zimejisafisha.

Kuhusu uzito, majaribio yamepoza shauku. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walichapisha jaribio la mwaka mzima kwa watu wazima 100 wenye unene uliozidi. Waliopishanisha siku walipungua takriban asilimia 6 ya uzito wao, na waliopunguza chakula kidogo kidogo kila siku walipungua asilimia 5.3. Kitakwimu hakuna aliyemshinda mwenzake, ila waliopishanisha siku ndio walioacha jaribio kwa wingi zaidi. Huko Guangzhou, China, mwaka 2022, watu 139 walipunguziwa kalori, na nusu yao wakaamriwa pia kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya miezi 12 hao walikuwa wamepungua kilo 8.0, na wenzao kilo 6.3. Tofauti hiyo nayo haikutosha kuitwa ushindi.

Basi mfungo hupunguza uzito kwa sababu unapunguza chakula. Anayefungulia chipsi mayai na soda, kisha akafidia kwa sahani mbili za ugali usiku, amebadilisha saa tu. Kuna dalili kwamba saa zenyewe zina uzito wake: jaribio dogo la Alabama la mwaka 2018, lenye wanaume 8 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, lilionyesha kwamba kumaliza mlo wa mwisho kabla ya saa tisa alasiri kuliboresha kazi ya insulini na kushusha shinikizo la damu hata bila uzito kupungua. Watu wanane ni wachache mno. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba wengi mijini hufanya kinyume, hujikaza asubuhi na kujaza tumbo saa nne usiku.

Wapo wasiopaswa kujaribu kabisa: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, na aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Vivyo hivyo mwenye uzito pungufu. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.65, hiyo ni chini ya kilo 50 hivi. Wazee ambao misuli imekwisha kupungua wana mengi ya kupoteza. Mgonjwa wa selimundu asikae bila maji, maana upungufu wa maji mwilini huweza kumletea maumivu makali. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo anaweza kupata kizunguzungu akisimama.

Hatari kubwa ipo kwa mwenye kisukari, na inategemea dawa anazotumia. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na sindano ya insulini haijui kama umekula. Uchunguzi wa mwaka 2001 katika nchi 13, uliohusu zaidi ya Waislamu 12,000 wenye kisukari, uliona kuwa matukio ya sukari kushuka vibaya wakati wa Ramadhani yaliongezeka mara 4.7 kwa wenye aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wenye aina ya pili. Miongozo ya madaktari kuhusu saumu humtaka mgonjwa afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda juu ya 16.6. Kijasho chembamba, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio visisubiri saa ya kula ifike.

Mtu mzima mwenye afya asiye na dawa za kila siku anaweza kuanza na saa 12, chakula cha jioni kikiishia saa moja na cha asubuhi kikianza saa moja, akipima uzito na kiuno. Miezi mitatu ikipita bila badiliko, auache mfungo huo. Hajakosa kitu ambacho kupunguza chakula kwa njia nyingine hakuwezi kumpa. Anayetumia insulini au glibenklamidi asiruke hata mlo mmoja kwa makusudi kabla daktari wake hajampangia dozi upya.